Miti ya Babu Yako na Maji ya Bondeni

Oliva mwanangu,

Sasa hivi umemsalimia babu yako ukiwa umesimama. Umepita barazani na begi lako, ukamtupia shikamoo ya pembeni kama unamsalimia kondakta. Hukuchuchumaa, hukupiga makofi ya heshima, hukungoja hata aitikie. Ukaingia chumbani ukaubamiza mlango mpaka komeo likaanguka. Babu yako alikuwa na tonge mkononi. Amelirudisha kwenye sahani, akaniangalia, akasema, "Eda, mtoto wako amenisalimia kama trafiki." Nikacheka. Sikutaka, kicheko kimetoka chenyewe. Basi amenawa mikono, chakula hajala, amekwenda kukaa nyuma ya ghala la mahindi. Na wewe huko ndani nakusikia unavyofungua zipu ya begi na kuifunga, kama zipu ndiyo iliyokukosea.

Mimi nimebaki na vyombo na watu wawili walionuna. Nimeona niandike. Jua bado lipo kidogo, nimekaa kwenye kizingiti cha jiko, karatasi nimechana kwenye daftari lako la jiografia, usinigombeze. Nikija kukuambia kwa mdomo utasema "mama, niache," nami nitalia, na asubuhi tutaachana hivyo hivyo pale gari la Mlowo linapogeuzia. Mwandiko wangu unaujua, wa darasa la saba na wa kukaa muda mrefu bila kalamu. Soma polepole.

Mambo ya kuamka mapema, kufua, kutotembea jioni huko Chapwa unakokwenda, hayo siandiki. Mama yako mdogo Lusia ana mdomo, atakwambia yote kabla hujatua begi.

Nina hasira, Oliva. Nianze na hilo ili usidhani ni barua ya machozi. Nina hasira na wewe, nina hasira na baba yangu, na nina hasira zaidi na wale waliocheka pale mkutanoni halafu kesho yake wakaja kuazima kinu changu. Nimewapa. Ndiyo maana nina hasira na mimi pia.

Ile miti unayoichukia niliipanda mimi. Unajua, nilishakwambia ukiwa mdogo, lakini nilikwambia kama mtu anayejisifu. Leo nikwambie ilivyokuwa.

Nilikuwa darasa la nne. Wakati ule kila siku redioni na shuleni ilikuwa ni miti, miti, nchi inageuka jangwa, pandeni miti. Ikaletwa miche ya mikaratusi kwenye viriba, kila mtoto akapewa ya kwake. Tukaipanda kuzunguka shule. Ikafa. Shule iko juu, maji yako bondeni, na hakuna mtoto anayependa kupandisha ndoo mlima ule kwa ajili ya mti. Ikaletwa mingine, ikafa tena. Mwalimu wetu alikuwa kijana, mkali lakini ana moyo, akatuuliza tufanyeje. Nikanyoosha mkono. Nikasema, mwalimu, tukaipande kule kule kisimani, maji si yapo? Darasa zima likashangilia, maana nilikuwa nimewatua ndoo kichwani. Mwalimu akanipa penseli mpya yenye ufutio. Nikatembea nayo sikioni wiki nzima, hata kanisani.

Tukashuka na majembe. Pale kisimani palikuwa na mikuyu na vichaka ambavyo wazee hawakuwa wakivigusa, wala hawalimi pale. Hakuna aliyetuambia kwa nini, na sisi hatukuuliza. Mwalimu alitaka mistari iliyonyooka. Tukang'oa vichaka, tukavuta kamba, tukapanda. Na safari hii haukufa hata mmoja. Miti ilikunywa maji kama watoto waliorudi kutoka safari. Wakaja wageni na gari kuitazama, tukaimba.

Miti iliyopakana na shamba la babu yako akaambiwa aitunze, akaitunza kwelikweli. Aliizungushia boma, akaipogoa, akafukuza mbuzi wa watu. Kijiji kizima kilijua ni miti ya mzee Amosi. Nguzo zake ndizo zilizojenga nyumba hii. Mbao zake ndizo zilizoezeka chumba ulichojifungia. Ada yako ya sekondari ilishuka kutoka kwenye miti ile, na begi unalolifunga na kulifungua pia. Babu yako akisema "miti imekusomesha," hasemi uongo. Kinachokuudhi ni kwamba anasema kila siku.

Na wewe ukisema miti inakunywa maji, husemi uongo pia. Mimi ndiye ninayechota pale. Nilipokuwa mtoto kisima kile kilikuwa kinamwagika, maji yanateremka mpaka kwenye bustani za watu wa chini, tunaoga humo, tunapigwa kwa kuchelewa. Leo kiangazi tunapanga ndoo foleni, tunateka kwa kikombe, na ukiinamia unasikia kikombe kinakwaruza mawe. Wanawake wa chini hawana tena bustani, wanapandisha kuja kwetu, na wakija tunawatazama vibaya. Mwaka huu Mama Sekela wa chini na mwenzake wa huku juu wamepigana ndoo. Watu wazima, Oliva, waliozaa!

Basi ulipoanza mambo yako na wenzako wa klabu ya mazingira sikukukataza. Nilifurahi, kwa siri kidogo. Ulikuwa unarudi na matope hadi magotini, unanieleza sheria ya kuacha mita sitini kutoka kwenye chanzo cha maji, na mti gani unahifadhi na mti gani unafyonza. Ukaotesha miche yako ya mikuyu nyuma ya jiko, kwenye makopo ya maziwa. Nikikutazama naona mtoto mwenye penseli sikioni. Hapo ndipo ningekwambia neno, na sikukwambia.

Ukasimama kwenye mkutano wa kijiji. Ulisimama vizuri. Sauti haikutetemeka, ukamsalimia mwenyekiti, ukasema kisima kinakufa, sheria iko hivi, miti iliyokizunguka iondolewe, ipandwe ya asili, vijana mko tayari kuifanya kazi bure. Watu walikuwa wanasikiliza. Hata wanaume wa nyuma kule walikuwa wameacha kunong'ona. Kama ungeketi hapo!

Ukaendelea. Ukasema, "Miti ya Mzee Amosi inakunywa maji ya watoto wenu."

Oliva. Jina lake. Mbele ya watu aliokua nao.

Unakumbuka watu walivyolipuka. "Ee! Mtoto wa mazingira anataka kukata miti! Dunia imepinduka!" Na yule fundi baiskeli, "Shule gani hiyo inayofundisha kumshtaki babu?" Na mwanamke mmoja, simtaji maana nikimtaja nitaiharibu karatasi: "Babu kamlea, baba mwenyewe yuko wapi? Amuulize kwanza baba yake anakunywa maji gani." Wakacheka mpaka wakaegemeana. Wenzako wa klabu, wale waliokupigia makofi mwanzoni, wakaanza kutazama viatu vyao. Na wewe bado umesimama, kidevu juu, unamtafuta mtu mmoja wa kumtazama. Ukanitazama mimi.

Nikasema, "Kaa chini!"

Nilipaza sauti, na watu wakacheka tena. Nimejaribu kukueleza mara tatu na mara zote umeondoka. Sikukwambia ukae kwa sababu ulikosea habari ya maji. Nilikwambia ukae kama vile mtu anavyomvuta mtoto barabarani lori linapokuja, hamuulizi kwanza unakwenda wapi. Lakini mtoto aliyevutwa mkono unamuuma, najua. Na mbele ya watu ilionekana mama naye yuko upande wao. Sikuwa upande wao. Sikuwa upande wowote, nilikuwa na hofu tu, na hofu ikipata sauti inatoka kama ukali.

Tangu siku ile umeona. Nikifika kisimani wanasogeza ndoo zao kama nina upele. "Leo mmekuja kuchota? Si mlisema miti imemaliza?" Nami nachota. Miche yako wameing'oa, wakaitupa njiani ili tuikanyage, na makopo wameondoka nayo. Ulipolia nilikwambia ni mbuzi. Hukuamini, na ulifanya vizuri kutoamini, mbuzi habebi makopo. Kanisani benchi letu limekuwa pana ghafla.

Na babu yako akatoa hukumu yake, kwa upole ule ambao ni mbaya kuliko kelele. Uende kwa Lusia mpaka akili irudi. Na mguu wako hautakanyaga uwanja huu mpaka usimame mbele ya mkutano ule ule useme ulimkosea na useme miti haina kosa. Ulimjibu kwamba basi hutarudi. Akasema, "Sawa." Ukasema, "Sawa." Mimi nilikuwa napepeta maharage katikati yenu, na hakuna aliyeniuliza kama ni sawa.

Si sawa. Ndiyo maana naandika. Sikukuzaa ili Chapwa ikuchukue moja kwa moja, kwenye vumbi la malori yanayongoja kuvuka mpaka, na mimi nikuone kwenye misiba tu.

Sikiliza jambo ambalo bibi yako, Mungu amrehemu, ndiye aliyenisimulia, maana mimi siku ile nilikuwa nimejificha chini ya kitanda. Nilikuwa na umri kama wako sasa, na wewe ulikuwa tumboni. Mimba ilikuwa imeonekana, na aliyenipa alikuwa ameshavuka kwenda Zambia na hakurudi. Wazee wa kanisa wakaja, na ndugu zake babu yako wakaja, wakakaa barazani hapa. Wakasema msichana apelekwe mbali, anaharibu watoto wa wenzake, anaharibu jina la mzee. Walisema sana. Walipomaliza babu yako akainuka, akasema, "Mimi nimesikia. Mke wangu amesonga ugali, kama mnakula karibuni, kama hamli kwaherini. Mtoto wangu hafukuzwi." Wawili walikula, wengine wakaondoka na hawakumsalimia kwa muda mrefu. Hakulalamika. Nilipotoka chini ya kitanda aliniambia nikafunge kuku, basi, kana kwamba hakuna lililotokea.

Huyo ndiye mtu uliyemsalimia umesimama. Na huyo huyo ndiye anayekufukuza. Nimeshindwa kumweka mahali pamoja moyoni. Alipoulizwa achague kati ya mimi na heshima yake, alinichagua mimi na hakufikiri mara mbili. Leo kwako ameshindwa, na nilitaka kujua kwa nini.

Juzi nilimfuata shambani. Alikuwa anapalilia kahawa, mgongo umempinda, hakuacha jembe.

Nikasema, "Baba, maji yamepungua."

"Mvua imepungua."

"Mvua ya mwaka jana ilikuwa nyingi, mpaka daraja likaondoka."

"Na wewe umeingia klabu?"

"Baba."

Akapalilia mashina mawili. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Tulikuwa tunaoga mpaka chini kwa akina Sekela. Nilipokuwa mdogo. Maji yalikuwa yanapiga kelele, usiku unayasikia ukiwa kitandani."

Nikamwambia, "Kumbe unajua."

"Mimi si mjinga, Eda. Miti ile nimekaa nayo, naijua inavyokunywa. Nilishataka kuipunguza kabla mtoto wako hajapata akili." Akaegemea jembe. "Sasa nikiikata, watasema nini? Mjukuu wa Amosi amemtia babu yake adabu mkutanoni. Nikipita watasema, huyo mzee anayeamrishwa na mtoto wa kike. Nitaikata vipi sasa? Yeye ndiye aliyenifungia njia."

Nilirudi nyumbani nimechoka miguu yote. Oliva, hamgombanii maji. Mnakubaliana nyote wawili kuhusu maji! Mnagombana ni nani atapita mlangoni kwanza, na mlango ni mmoja.

Sitakwambia useme uongo. Usije ukasimama mbele ya watu ukasema miti haina kosa wakati kikombe kinakwaruza mawe. Ukisema hivyo nitakuwa mama wa kwanza kukuzomea, na safari hii sitakuwa na hofu. Lakini kumwomba babu yako msamaha kwa kulitaja jina lake pale si uongo. Ni kweli. Lilimuuma. Maji yangeelezeka bila jina. Ungekuja kwanza barazani hapa, ukachuchumaa, ukamwita "mume wangu" kama ulivyozoea kumtania, ukamwambia mume wangu, kisima kinakufa, tufanye nini? Angekutania ovyo ovyo, angekuuliza mahari, na baada ya wiki ungemkuta na shoka. Ninamjua. Sasa utani umekufa humu ndani, na wewe hujui nyumba hii ilivyo baridi bila huo utani wenu.

Nakuambia haya kwa sababu nami niliwahi kuwa na hakika. Nilinyoosha mkono, nikashangiliwa, nikapewa penseli, na tulikosea, na kosa lenyewe limesimama wima pale bondeni, refu, linanukia vizuri. Hatukuwa watu wabaya. Mwalimu hakuwa mbaya. Hatukuuliza tu mbona wazee hawalimi pale. Kwa hiyo ukifika huko na ukaona mitaro imejaa uchafu, na utaona, na ukaanza tena mambo yako, na utaanza, maana nakujua, usisimame kwanza. Kaa kwanza na mama anayemwaga maji machafu. Muulize kwa nini anamwaga hapo. Huenda ana sababu ambayo wewe na klabu yako hamjaifikiria. Halafu simama. Nikisikia umesimama Chapwa nitafurahi, hata kama Lusia atanipigia simu analalamika.

Na wale wanaokupigia makofi, wapende, lakini angalia nani anakuja kesho yake. Miche yako ilipong'olewa hakuja hata mmoja. Alikuja nani? Yule bubu wa kwa fundi baiskeli, alikuja na mche mmoja aliouokota, umenyauka, akakupa. Ulimwambia asante bila kumtazama. Mimi nilimtazama. Ule mche nimeupanda kwenye sufuria ile iliyotoboka, uko nyuma ya choo ambako hakuna anayepita. Umetoa jani. Sikukwambia kwa sababu ulikuwa huongei nami.

Usiwachukie watu wa hapa, mwanangu. Mimi nawachukia kidogo sasa hivi, inatosha kwa wawili. Yule mwanamke aliyemtaja baba yako ndiye aliyekushika ulipotoka tumboni mwangu, mkunga alikuwa hajafika. Ndivyo walivyo. Wanakupokea kwa mikono yao na wanakuchana kwa mdomo wao, na ukiugua ndio watakaokubeba mpaka hospitali ya Vwawa. Nimeishi nao miaka yote hii na wamenicheka, na sijafa, na wewe umekua.

Leo jioni wanakuja. Babu yako hakukuambia, kaniambia mimi. Mwenyekiti wa kijiji na wazee wawili wanakuja kusikia familia imeamua nini, na kwa kuwa wewe unaondoka, na wewe ni wangu, mimi ndiye nitakayesema. Nimekuwa nikitafuta maneno tangu asubuhi, ndiyo maana ugali umeungua leo. Nataka kuwaambia kwamba binti yangu atamwomba babu yake msamaha, lakini ni hapa barazani, si mkutanoni. Nataka niwaambie kwamba miti ile ilipandwa na watoto wa shule, na mimi nikiwa mbele yao, kwa hiyo kama ni kosa tugawane, asibebeshwe mzee peke yake, wala asivuliwe nguo na mjukuu. Sisi tuliokuwa darasa lile bado tupo, tumezaa, tuna mapanga. Sisi ndio twende tukaikate, tuliopanda, na babu yako awe ndiye anayetuonyesha tuanzie wapi. Hapo nani atasema ameamrishwa na mtoto? Mimi nadhani atakubali. Nadhani anangoja mtu amwambie hivyo, mtu asiye wewe. Na asipokubali nitasema tena kesho, na kesho kutwa, mimi sina pa kwenda, ataniona kila asubuhi.

Mbwa wanabweka. Nasikia hodi na sauti ya mwenyekiti, anakohoa kabla ya kusalimia kama kawaida yake. Barua nitaiweka chini ya karanga zako za safari, usizile zote njiani. Kabla hujaondoka asubuhi, babu yako atakuwa kwenye kahawa mapema, pitia kule. Sikulazimishi.

Babu yako ananiita. "Mama Oliva!" Nimeitika nakuja. Anaita tena, anasema nije na kigoda. Oliva, wanawake wa nyumba hii tunakaa mkekani wazee wakija, hata bibi yako alikaa mkekani mpaka anakufa. Anasema nije na kigoda, nikae pale walipo. Mwanangu, utarudi hapa nyumbani, nitahakikisha, sasa hivi nikitoka neno la kwanza nitakalowaambia ni kwamba